Kinga ya Ini Huanzia Shambani: Kudhibiti Sumukuvu katika Mahindi kwa Kilimo na Hifadhi Bora

Katikati ya mwaka 2016, vituo vya kutolea huduma za afya mkoani Dodoma vilianza kupokea wagonjwa ambao maradhi yao hayakufanana na yaliyozoeleka. Walilalamikia maumivu ya tumbo, walitapika, macho yao yakageuka rangi ya manjano, na wengine matumbo yao yalijaa maji. Wagonjwa wa kwanza walitoka katika familia moja. Baadaye wakapatikana wengine katika maeneo jirani, hadi mkoa wa Manyara. Kwa muda ugonjwa huo haukuwa na jina. Uchunguzi wa wagonjwa na wa nafaka iliyokuwa majumbani mwao ndio uliofichua chanzo: mahindi yaliyobeba kiwango kikubwa mno cha sumukuvu. Takribani watu 20 walipoteza maisha.

Tukio hilo halikuwa la kwanza katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya, mwaka 1981, watu 12 walifariki wilayani Machakos kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2004 mlipuko mkubwa zaidi uliikumba sehemu ya mashariki ya nchi hiyo, hasa wilaya za Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa. Katika milipuko yote hiyo, chakula kilichoua kilikuwa kile kile kinachotegemewa kila siku na kaya nyingi za ukanda huu, yaani ugali.

Hakuna dawa inayoiondoa sumukuvu mwilini pindi inapokwisha kulidhuru ini. Daktari anaweza kumpa mgonjwa maji, sukari, vitamini K na uangalizi wa karibu, huku akitumaini kwamba ini litajirudi lenyewe. Kwa hiyo kinga yenye nguvu zaidi dhidi ya ugonjwa huu haipo hospitalini. Ipo mikononi mwa mkulima na mpishi, na mhudumu wa afya anao wajibu wa kuifahamu kama anavyozifahamu chanjo na vyandarua.

Kuvu na sumu yake

Sumukuvu ni kemikali zinazozalishwa na baadhi ya kuvu, au fangasi, wanaoota kwenye mazao. Iliyo hatari kuliko zote kwa ini ni aflatoksini, ambayo hutengenezwa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu hii ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kula chakula cha mifugo kilichochanganywa na mashudu ya karanga yenye ukungu. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi. Mtama, uwele na ulezi navyo hupatwa, lakini kwa kawaida kwa kiwango kidogo zaidi. Mahindi hubeba pia sumukuvu nyingine iitwayo fumonisini, inayotokana na kuvu wa jamii ya Fusarium wanaoozesha mahindi yakiwa bado shambani.

Wengi hushangaa kwamba ugonjwa wa ukungu uliua watu katika nyanda kame kama za Dodoma na Kitui. Maelezo yake ni haya. Vimelea vya kuvu huyu huishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao, na hustawi katika joto. Mmea unaponyimwa maji wakati wa kutoa mbelewele na kujaza punje, nguvu yake ya kujikinga hupungua. Kuvu hupata njia ya kuingia, hasa pale wadudu walipokwisha kutoboa punje. Ukame huanzisha tatizo shambani, kisha unyevu wakati wa mavuno au ghalani hulikuza. Ndivyo ilivyokuwa nchini Kenya mwaka 2004: mahindi yaliyodhoofishwa na ukame yalihifadhiwa yakiwa mabichi, na kaya nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba za kulala.

Jambo lingine linalowapotosha walaji ni imani kwamba sumu huonekana kwa macho. Ukungu huonekana, lakini sumu haina rangi, harufu wala ladha. Punje inaweza kufutwa vumbi la kijani ikang'aa huku sumu ikiwa imebaki ndani. Kupika pia hakusaidii, kwa kuwa maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi joto 100, ilhali aflatoksini huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200.

Jinsi ini linavyoumia

Aflatoksini humfikia binadamu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Ini hushindwa kufanya kazi ndani ya siku au wiki chache, na dalili huwa zile zilizoonekana mwaka 2016. Ya pili ni kula kiasi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Njia hii haina kelele, na ndiyo inayowagusa watu wengi zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kiungo kinacholengwa ni ini.

Hatari hiyo huongezeka sana kwa mtu mwenye maambukizi ya virusi vya homa ya ini aina B. Katika hesabu za wataalamu wa usalama wa chakula, uwezo wa aflatoksini kuleta saratani ya ini kwa mtu mwenye virusi hivyo huweza kuwa mkubwa mara 30 hivi kuliko kwa asiye navyo. Sumu na virusi husaidiana kuliharibu ini lile lile. Kwa sababu hiyo chanjo ya homa ya ini aina B, ambayo Tanzania iliianza katika ratiba ya watoto mwaka 2002, ni kinga dhidi ya madhara ya sumukuvu pia. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata.

Kwa watoto, tafiti mbalimbali zimeonyesha uhusiano kati ya sumukuvu na udumavu, ingawa matokeo yake hayalingani kila mahali na udumavu una sababu nyingi. Mama anayekula chakula chenye sumu huipitisha sehemu yake kwenye maziwa, na ng'ombe anayelishwa pumba zenye sumu hufanya vivyo hivyo. Hili halimpi mama sababu ya kuacha kunyonyesha, kwani faida za maziwa yake ni kubwa kuliko hatari hiyo. Linampa sababu ya kuangalia kilichomo ndani ya chungu chake.

Shambani: kuanza kabla ya ukungu

Mkulima hawezi kuwaondoa kuvu wote katika udongo. Anachoweza ni kuunyima ukungu nafasi, na nafasi hiyo hupungua kila mmea unapokuwa na afya.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mbegu inayofaa eneo husika na kupanda mapema, ili mahindi yatoe mbelewele mvua ikiwa bado ipo. Katika maeneo yenye mvua chache, mbegu inayokomaa mapema na inayostahimili ukame ni kinga ya afya sawa na ilivyo kinga ya njaa. Nafasi kati ya mimea izingatiwe na palizi ifanyike kwa wakati, kwa sababu mahindi yaliyosongamana na magugu hugombea maji hayo machache. Matuta yanayozuia maji ya mvua kutiririka, pamoja na samadi, husaidia udongo kutunza unyevu.

Hatua ya pili ni kudhibiti wadudu. Bungua na viwavijeshi vamizi hawaishii kupunguza mavuno. Matundu wanayoyaacha ni milango ya kuvu. Hatua ya tatu ni kubadilisha mazao na kuondoa mabaki yaliyooza. Hapa tahadhari inahitajika: kubadilisha mahindi kwa karanga hakusaidii dhidi ya aflatoksini, kwa kuwa kuvu huyo hushambulia mazao yote mawili.

Ipo pia teknolojia ya kibiolojia inayotumia kuvu dhidi ya kuvu. Baadhi ya aina za Aspergillus flavus hazina uwezo wa kutengeneza sumu. Aina hizo huoteshwa kwenye punje za mtama zilizouliwa uwezo wa kuota, kisha punje hizo hutawanywa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kwa kiasi cha kilo 10 kwa hekta, yaani takribani kilo 4 kwa ekari. Kuvu wasio na sumu huwahi nafasi ambayo wenye sumu wangeichukua. Bidhaa hiyo, Aflasafe, imeidhinishwa nchini Kenya na Tanzania, na maafisa ugani ndio wa kuulizwa kuhusu upatikanaji wake.

Mavuno na kukausha

Mahindi yaliyokomaa yavunwe bila kuchelewa. Dalili ya kukomaa ni alama nyeusi inayojitokeza kwenye kitako cha punje, pale iliposhikana na gunzi. Kuyaacha yakauke shambani kwa wiki nyingi huyaweka wazi kwa wadudu, ndege na mvua zisizotarajiwa. Mahindi yaliyoanguka chini au yaliyoozea kwenye mmea yatengwe palepale shambani, yasichanganywe na mazuri.

Kukausha ndiko kiini cha kazi yote. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, jamvi safi au kichanja, kamwe yasianikwe kwenye udongo mtupu, kwa sababu udongo ndio makazi ya kuvu na hurudisha unyevu kwenye punje. Tabaka liwe jembamba, ligeuzwe mara kwa mara, na mahindi yafunikwe au yaingizwe ndani kabla ya umande wa jioni. Kupukuchua kwa kupiga magunia kwa fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika huoza upesi. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri ni bora zaidi.

Kaya isiyo na kipima unyevu inaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, kisha tikisa kwa dakika chache na uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yanahitaji jua zaidi. Isipoganda, yamekaribia kufaa, na ni busara kuyaanika tena kwa siku moja au mbili kabla ya kuyafunga.

Hifadhi

Ghala au kihenge kisafishwe na mabaki ya msimu uliopita yatolewe. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na kuta, mahali panapopitisha hewa na pasipovuja. Fukusi na dumuzi wadhibitiwe kwa viuatilifu vilivyosajiliwa kwa nafaka ya chakula, kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya pamba au ya mifugo kuwekwa kwenye mahindi ni sumu juu ya sumu.

Mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la kinga njaa, pamoja na vihenge vya chuma, huwaua wadudu bila dawa kwa kuwanyima hewa. Hata hivyo mfuko haukaushi mahindi. Nafaka ikifungwa ikiwa na unyevu, unyevu huo hubaki ndani pamoja nayo, na mkulima hupoteza chakula pamoja na fedha aliyonunulia mfuko.

Jikoni, na punje zilizotupwa

Sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache zilizooza, kuvunjika, kusinyaa au kubadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Hivyo kuchambua kwa mkono kabla ya kusaga ni miongoni mwa njia zenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo. Kukoboa nako hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa yake imo kwenye ganda na kiini. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, ambapo kaya zilifundishwa kuchambua, kuanika juu ya turubai, kukausha vya kutosha, kuzuia wadudu na kukoboa, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa kaya hizo walipata sumukuvu kidogo kuliko wenzao.

Suala la kukoboa huwaweka wahudumu wa afya katika njia panda, kwa sababu wao ndio wanaowashauri wagonjwa wa kisukari na watu wengine kula dona badala ya sembe. Ushauri wa dona haujafutwa, ila unahitaji sharti: dona itokane na mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa. Mahindi yenye historia ya kunyeshewa au kuota ukungu yasisagwe dona.

Swali gumu zaidi ni hili: punje zilizochambuliwa na kutengwa huishia wapi? Katika kaya maskini, kutupa debe la mahindi si jambo jepesi. Mara nyingi punje hizo hutengenezewa pombe, hulishwa kuku, au huuzwa kwa bei ya chini. Njia zote tatu huirudisha sumu kwa binadamu. Kuchachusha pombe hakuiondoi yote, na mnywaji huwa ameongeza kileo kwenye ini lililokwisha kubeba mzigo. Kuku huugua na kudumaa, na ng'ombe huipitisha kwenye maziwa. Mahindi yanayouzwa kwa bei ya kutupa humfikia yule asiye na uwezo wa kuchagua. Punje zilizooza zichomwe au zifukiwe mbali na vyanzo vya maji.

Ni vigumu kumwambia mtu afukie chakula ikiwa hana kingine. Kwa sababu hiyo hasara hii haipaswi kubebwa na kaya peke yake. Pale mavuno ya kijiji kizima yanapokuwa yameharibika, taarifa ifikishwe kwa afisa ugani, uongozi wa kijiji na halmashauri mapema, kabla watu hawajaanza kula wanachojua ni kibovu. Nchini Kenya mwaka 2004, serikali ililazimika kusambaza mahindi mengine katika maeneo yaliyoathirika. Kulima na kula mtama, uwele, muhogo na viazi pamoja na mahindi hupunguza pia kiasi cha sumu kinachoingia katika sahani moja.

Uji wa mtoto

Uji wa lishe unastahili uangalizi wa pekee. Akina mama wengi hushauriwa kliniki kuchanganya mahindi na karanga ili mtoto apate nguvu na protini. Ushauri ni mwema, lakini unaunganisha mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu katika kikombe cha mtu mwenye kilo 7 au 8. Karanga zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye ladha chungu ziondolewe kabla ya kusaga. Mahindi yakobolewe. Unga usagwe kidogo kidogo, wa wiki chache, badala ya kuwekwa kwa miezi. Ulezi au mtama, pamoja na dagaa, maziwa au maharage, vinaweza kuchukua nafasi ya karanga zisizoaminika.

Mbele ya mgonjwa

Katika zahanati, mgonjwa wa sumukuvu hufika na dalili zinazofanana na za magonjwa mengine: maumivu ya tumbo, kutapika, kukosa hamu ya kula, macho ya manjano, mkojo wa rangi nzito, miguu kuvimba au tumbo kujaa maji. Kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, degedege au kutokwa damu ni dalili za hatari zinazohitaji rufaa ya haraka, sukari ya damu ikipimwa kabla mgonjwa hajaondoka.

Maswali manne yanaweza kuokoa wiki nyingi za kutafuta chanzo. Je, kuna wengine katika kaya au kijiji wenye dalili kama hizi? Mahindi wanayokula yalitoka wapi, na yalikaushwa na kuhifadhiwa vipi? Je, kuku au mbwa wanaolishwa mabaki ya chakula hicho wamekufa? Je, mgonjwa amekunywa pombe ya kienyeji, mitishamba au dawa nyingine yoyote? Wagonjwa wawili wa kaya moja wenye macho ya manjano wanatosha kumfanya mhudumu atoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo. Kaya iache mara moja kula mahindi hayo, lakini isiyatupe yote, kwa sababu sampuli itahitajika maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na maikrogramu 5 kwa aina ya B1. Jicho haliwezi kupima kiasi hicho.

Mgonjwa aelezwe kuepuka pombe na mitishamba wakati ini linapopona, na asinywe parasetamoli bila ushauri. Wanakaya wapimwe homa ya ini aina B. Wasio na maambukizi wachanjwe, na waliokutwa nayo waunganishwe na kliniki kwa ufuatiliaji.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia nyumbani kuuliza kuhusu chandarua na choo anaweza kuongeza swali moja katika miezi ya mavuno: mahindi yameanikwa juu ya nini? Akiyakuta juu ya udongo, yupo bado muda wa kutandika turubai. Akimkuta mgonjwa mwenye macho ya manjano, muda huo umekwisha pita.